Vigae vinang'oka juu ya sakafu ya mbao: chunguza sakafu kabla ya kununua gundi nyingine

Swali la msomaji: "Niliweka vigae vya porselini vya sentimita 60 kwa 60 kwenye chumba cha juu na bafu lililopakana nacho. Chini yake kuna plaiwudi ya milimita 12 iliyopigiliwa misumari juu ya boriti zilizoachana sentimita 60. Boriti zenyewe zina urefu wa mita 4 na hazina nguzo katikati. Baada ya miezi michache grauti, ile ya kujazia kati ya vigae, ilianza kumomonyoka, vigae vikawa vinalia tupu ukivigonga, na sasa karibu na mlango navinyanyua kwa mkono. Nyuma ni pasafi kabisa, gundi yote imebaki kwenye mbao. Kile cha bafuni kimeng'oka na ngozi ya mbao. Kuna pia ufa mmoja ulionyooka uliokata vigae vinne mfululizo. Fundi anasema gundi ilikuwa hafifu, tununue yenye nguvu zaidi avibandike upya vilivyolegea. Nikubali?"

Hapana, usikubali bado. Inawezekana gundi ilikuwa na kasoro, na namna ilivyotumika ilikuwa na kasoro pia, nitaeleza. Lakini kwa vipimo ulivyonipa, hata gundi iliyo bora kuliko zote isingedumu juu ya sakafu hiyo. Ukibandika upya vilivyolegea leo, vitalegea tena, na vile ambavyo bado vimeshika vitafuata. Tatizo lako kubwa liko chini ya gundi.

Tuanze na vigae ulivyokwisha kuvinyanyua. Usivitupe, wala usivisafishe kwanza. Vigeuze, uvipange sakafuni kila kimoja karibu na mahali kilipotoka, kisha uvichunguze kwenye mwanga mzuri. Kigae kinaweza kuachana na sakafu mahali pachache tu: kati ya mgongo wake na gundi, ndani ya gundi yenyewe, kati ya gundi na mbao, au ndani ya mbao. Kila mahali pana sababu zake. Ndiyo maana huwa nawasihi watu wasiamue lolote kabla ya kutazama nyuma ya kigae, kwa sababu pale ndipo ushahidi ulipo, na ukishakwanguliwa haurudi.

Vile vya mlangoni vina mgongo safi na gundi yote imebaki chini. Piga magoti utazame hiyo gundi iliyobaki. Ukiona matuta ya mwiko wa meno yamesimama bado, na vichwa vyake ni laini, vinang'aa kidogo, havina alama ya kitu kilichoviminya, basi kigae hicho hakikuwahi kushikwa tangu siku ya kwanza. Kililazwa juu ya ncha za matuta kikakaa hapo kwa uzito wake. Grauti ndiyo iliyokuwa inakizuia kisisogee, na ilipochoka kikaachia.

Hali hiyo huletwa na mambo mawili, na mara nyingi yanakuja pamoja. La kwanza ni gundi kuota utando. Gundi ya saruji ikishatandazwa huanza kupoteza maji juu, na utando mwembamba hujitengeneza kwenye vichwa vya matuta. Kwa macho utaiona bado mbichi, ila ukiigusa kwa kidole haiachi kitu kwenye kidole. Kiwango cha Ulaya cha gundi za vigae, EN 12004, kinaitaka gundi ya kawaida iwe bado inashika kigae kilichowekwa dakika 20 baada ya kutandazwa. Lakini dakika hizo hupimwa maabara, katika hewa iliyotulia na juu ya bamba la zege. Juu ya plaiwudi kavu, dirisha liko wazi na upepo unapita, muda huo hupungua sana, maana mbao inavuta maji kutoka chini huku hewa ikivuta kutoka juu. Fundi anayetandaza gundi ya vigae sita kwa mpigo, halafu anasimama kukata kimoja cha pembeni, anarudi na kukuta vile viwili vya mwisho anaviweka juu ya gundi iliyokwisha kufa.

La pili ni kigae kutominywa vya kutosha. Kigae cha sentimita 60 ni kikubwa, na hewa hunaswa chini yake. Kugongagonga kwa nyundo ya mpira pembeni hakutoshi. Inabidi kukisukuma mbele na nyuma kukatiza matuta, mpaka matuta yalale na mabonde yajae. Kanuni ambayo mafundi wengi wanaifuata ni kwamba gundi iguse angalau asilimia 80 ya mgongo wa kigae kwenye vyumba vikavu, na asilimia 95 bafuni na sehemu zenye maji. Kwa ulichonieleza, cha kwako cha mlangoni hakikufika hata robo.

Kwa porselini kuna jambo la kuongeza. Porselini hunywa maji kidogo mno, si zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Kigae cha udongo cha kawaida hunyonya maji ya gundi na kuivuta kwenye vinyweleo vyake. Porselini haina vinyweleo vya kunyonyea, kwa hiyo inategemea polima, yaani viungo vya kiplastiki vilivyomo ndani ya gundi, zishikamane na uso wake. Halafu pitisha kidole kwenye mgongo wa kigae kipya ambacho hakijatumika. Ukipata unga mweupe, huo ni unga wa kiwandani unaopakwa ili kigae kisinate kwenye tanuri. Usipofutwa kwa kitambaa chenye unyevu, gundi inashika unga na unga haushiki kitu.

Sasa chukua ufunguo au ncha ya bisibisi, ukwangue hiyo gundi iliyobaki kwenye mbao. Gundi iliyokomaa vizuri hukataa, unapata mkwaruzo tu. Ikimeguka na kuwa unga mkononi, saruji haikukomaa. Watu wengi husema saruji "inakauka" wakidhani kukauka ndiko kunakoipa nguvu. Saruji hupata nguvu kwa kuungana na maji, na maji yakiondoka mapema kazi hiyo hukatika njiani. Plaiwudi kavu isiyopakwa kitu huyanywa maji yale kutoka upande wa chini, hasa kama gundi ni ya saruji tupu na mchanga, au ile ya bei nafuu isiyo na polima. Zaidi ya hapo, mbao ina sukari na utomvu wake, na vitu hivyo huchelewesha saruji kushika pale inapogusana nayo. Kwa hiyo unapata tabaka jembamba dhaifu mahali hasa unapohitaji nguvu.

Kile cha bafuni kina habari tofauti kabisa. Kimeng'oka na ngozi ya mbao, maana yake gundi ilishika kigae na ikashika mbao, kilichoachia ni plaiwudi yenyewe. Kwa gundi hiyo ni sifa njema. Kwa sakafu yako ni habari mbaya: maji yamefika kwenye plaiwudi, tabaka zake zimeanza kuachana. Choma hapo kwa bisibisi. Ikizama bila taabu, kipande hicho kinakatwa na kuondolewa chote, hata ukisubiri kikauke hakirudishi nguvu. Na utafute maji yalikotoka, kwani sakafu ya vigae na grauti haizuii maji. Grauti ya saruji hupitisha maji polepole, na chini ya bafu la sakafu ya mbao ni lazima pawe na tabaka la kuzuia maji lililopanda mpaka ukutani.

Huo ufa ulionyooka, kaupime kwa futi kutoka ukutani. Shiti ya plaiwudi ina upana wa milimita 1220. Ukikuta ufa uko kwenye kipimo hicho au mara mbili yake, umekaa juu ya maungio ya shiti mbili. Upande mmoja wa maungio unashuka mtu akikanyaga, wa pili unabaki juu, na kigae kilichokalia pande zote mbili hakina pa kukimbilia. Ufa wa namna hiyo hausababishwi na gundi dhaifu. Gundi dhaifu ingekiachia kigae kizima. Pale gundi ilishika, ndiyo maana kigae kikavunjika badala ya kung'oka.

Hapo ndipo tunafika kwenye kiini cha jambo: sakafu yako inanepa.

Kigae hakinepi. Gundi ya saruji hunepa kidogo sana. Mbao hunepa kila mtu anapopita, na ni kawaida yake, boriti haziwezi kukaa kama jiwe. Swali ni kiasi gani. Kipimo kinachotumika sana kwa sakafu ya mbao itakayowekwa vigae ni kwamba boriti isinepe zaidi ya sehemu 1 ya 360 ya urefu wake kati ya egemeo na egemeo. Kwa mawe ya asili kama marumaru halisi kipimo hubanwa mara mbili, sehemu 1 ya 720, kwa sababu jiwe lina mishipa na huvunjika upesi. Kwa boriti zako za mita 4, hiyo ni milimita 11 kwa vigae, na kati ya milimita 5 na 6 kwa mawe, boriti zikiwa zimebeba mzigo wote zilizokusudiwa kubeba.

Milimita 11 zinaonekana nyingi, lakini zimesambaa kwenye mita 4 kwa mkunjo mpole. Kinachoua vigae vyako zaidi ni kunepa kwa plaiwudi kati ya boriti na boriti, ambako watu wengi hawakuangalii. Nafasi yako ni milimita 600. Kwa kipimo kilekile, plaiwudi hairuhusiwi kushuka hata milimita 2 katikati ya nafasi hiyo. Plaiwudi ya milimita 12, iliyoshikwa na misumari tu, haiwezi kutimiza hilo mtu mzima akikanyaga kwa kisigino, sembuse kabati lenye miguu minne midogo. Na mkunjo wa karibu namna hiyo ni mkali, unaipinda gundi hapohapo chini ya kigae kimoja. Mlangoni ndiko vigae vilikoanza kwa sababu mlangoni ndiko kila mtu anapita.

Unaweza kujipimia bila chombo cha ajabu. Weka glasi ya maji sakafuni katikati ya chumba, mtu mwingine apite kwa mwendo wa kawaida. Maji yakitikisika waziwazi, una kazi ya kufanya. Ukitaka kipimo cha kweli, nenda chini ya sakafu kama kunafikika, vuta uzi kutoka mwisho mmoja wa boriti hadi mwingine, pima pengo katikati sakafu ikiwa tupu, kisha watu wawili au watatu wasimame juu na upime tena. Tofauti kati ya vipimo hivyo ndiyo kunepa kwa boriti kwa mzigo huo mdogo tu.

Habari njema ni kwamba ukakamavu hupanda kwa kasi kubwa kuliko unene unaoongeza. Unene wa ubao ukizidishwa mara mbili, ukakamavu wake hupanda mara nane. Toka milimita 12 hadi 18 tu, plaiwudi inakuwa ngumu zaidi ya mara tatu. Lakini zingatia hili: shiti mbili za milimita 12 zilizolazwa tu moja juu ya nyingine hazifanyi ubao wa milimita 24. Zinateleza moja juu ya mwenzake, na unapata ukakamavu mara mbili badala ya mara nane. Kazi halisi inaletwa na kuziunganisha ziwe kitu kimoja. Kadhalika, ukiongeza boriti katikati ya nafasi ya milimita 600 ikawa 300, kisigino kilekile kitaishusha plaiwudi kwa sehemu ya nane tu ya ilivyokuwa. Na boriti ya mita 4 ukiitilia mhimili wenye nguzo katikati, ikawa vipande viwili vya mita 2, kwa mzigo uliosambaa kunepa kwake kunashuka hadi sehemu ya kumi na sita. Kama chini ya chumba chako pana nafasi ya kuweka mhimili huo, hiyo ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko nyingine zote katika kazi hii.

Upande wa pili wa jambo ni unyevu. Mbao hutanuka ikinywa unyevu na husinyaa ikikauka, na hufanya hivyo kukatiza nyuzi zake. Kufuata urefu wa nyuzi haibadiliki kwa kiasi cha kutia hofu. Ubao wa kawaida wenye upana wa milimita 100, unyevu wake ukibadilika kwa asilimia 4 hivi, unaweza kuongezeka au kupungua kwa takriban milimita 1. Sakafu ya mbao za kupanga ina mbao nyingi za namna hiyo, kila moja na mwendo wake. Ndiyo sababu haifai kabisa kubandika kigae moja kwa moja juu ya mbao za kupanga, hata zikiwa nene na imara. Plaiwudi ni afadhali zaidi kwa kuwa tabaka zake zimekatizana na kuzuiana, lakini nayo hutanuka kiasi. Shiti zikiwa zimebanana bila mwanya, zikitanuka zinasukumana na kuinuka kwenye maungio. Mwanya wa milimita 3 kati ya shiti na shiti, na wa milimita 6 kati ya shiti na ukuta, unatosha, na usijazwe kitu.

Kama chini ya sakafu ni ardhi tupu badala ya chumba, unyevu unapanda usiku na mchana. Tandaza karatasi nene ya nailoni juu ya udongo na uhakikishe matundu ya hewa hayajazibwa. Bila hilo utatengeneza juu na kuharibiwa kutoka chini.

Mbao za unga, yaani chipubodi, na MDF (ubao wa nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa) hazifai chini ya kigae. Zikipata maji zinavimba na hazirudi. Ukikuta fundi alitumia hizo bafuni, zitoe. Mbao zilizowahi kupakwa nta, vanishi au rangi ya mafuta pia haziwezi kupokea gundi mpaka zikwanguliwe zifike kwenye mbao yenyewe.

Sasa nini cha kufanya kwako. Maoni yangu, na nayasema nikijua ni maumivu: ng'oa vyote. Ningeshauri kutengeneza sehemu tu kama sakafu ingekuwa imara na vigae viwili vitatu vimeachia kwa makosa ya gundi. Yako haiko hivyo. Utakaponyanyua vilivyobaki, vaa barakoa nzuri na miwani, kwa sababu vumbi la saruji na porselini lina silika na linadhuru mapafu. Kuhusu ile njia ya kutoboa grauti na kudunga gundi chini ya vigae vinavyolia tupu, iache. Gundi haipiti mahali pote, inashika vumbi lililoko chini, na sakafu inaendelea kunepa.

Kabla ya kuongeza chochote juu, hesabu uzito. Porselini ya unene wa milimita 10 ina kilo 22 hadi 24 kwa kila mita ya mraba. Ongeza gundi, bodi ya saruji kama utaitumia, na plaiwudi mpya, unapita kilo 40 kwa mita ya mraba bila shida. Kwa boriti za mita 4 nisingeanza kabla mtu anayejua hesabu za majengo hajaziangalia unene wake, kina chake na hali yake. Akikuambia hazitoshi na hakuna pa kuweka nguzo, ukubali kwamba chumba hicho kinafaa sakafu nyepesi inayokubali kunepa, na vigae ubaki navyo bafuni tu, kama boriti za huko ni fupi.

Zikitosha, boriti zikishaimarishwa, ondoa hiyo plaiwudi ya milimita 12 na kuweka nyingine kama umeshaharibu uso wake kwa kukwangua, au iache kama bado ni nzima na uikaze kwa skrubu badala ya misumari. Msumari wa kawaida hulegea mbao ikicheza, skrubu haitoki. Ongeza juu yake plaiwudi ya nje, yaani ile iliyounganishwa kwa gundi isiyoogopa maji, ya milimita 18. Nyuzi za uso wake zikatize boriti, zisiende sambamba nazo. Maungio yake yasikae juu ya maungio ya shiti za chini. Paka gundi ya mbao kati ya tabaka mbili kwa eneo lote, ukaze kwa skrubu kila sentimita 15 pembeni na kila sentimita 20 katikati. Tembea juu yake ukisikiliza. Mahali panapolia "kwii" skrubu haijashika.

Halafu unahitaji kitu cha kutenganisha mbao na kigae. Kuna njia mbili ninazoziamini. Ya kwanza ni bodi ya saruji. Watu hudhani inaimarisha sakafu. Haiimarishi kwa kiasi cha kutegemea, kazi yake ni kuipa gundi uso usiotanuka wala kunyonya kama mbao. Kwa hiyo bodi ya milimita 6 inafanya kazi ileile ya milimita 12 sakafuni. Inalazwa juu ya gundi mbichi iliyotandazwa kwa mwiko wa meno ili kusibaki tundu chini yake, ndipo inakazwa kwa skrubu kila sentimita 20. Gundi hiyo ya chini wengi huiruka. Wakiiruka, bodi inacheza juu ya skrubu zake mpaka matundu yanapanuka. Maungio ya bodi yazibwe kwa utepe wa nyuzi za kioo unaostahimili saruji, si ule wa kuzibia dari.

Njia ya pili ni mkeka wa plastiki wenye vishimo, uliotengenezwa ili mbao ikisogea ulalo, kigae kisiburutwe nayo. Ni mwembamba, mwepesi, na kwa sakafu yako yenye wasiwasi wa uzito mimi ningechagua huo. Lakini elewa mipaka yake. Unapokea msogeo wa ulalo, kutanuka na kusinyaa. Kunepa kwa kwenda chini na juu hauponyi. Nimeona sakafu zilizolegea zimefunikwa mkeka huo kwa matumaini makubwa, na vigae vikapasuka vilevile.

Uso wa mwisho uwe tambarare. Kwa kigae chochote chenye upande unaozidi sentimita 38, tofauti isizidi milimita 3 katika urefu wa mita 3. Pima kwa rula ndefu iliyonyooka pande zote, na urekebishe hapo, usitegemee kujaza kwa gundi. Gundi nene husinyaa ikikomaa na kuvuta pembe za kigae chini.

Kuhusu gundi sasa, maana ndiyo uliyoniuliza. Soma mfuko. Tafuta alama C2, inayomaanisha gundi ya saruji iliyoboreshwa, yenye mshiko wa angalau niutoni 1 kwa kila milimita ya mraba, mara mbili ya C1, ambayo ni gundi ya saruji ya kawaida. Kisha tafuta S1, inayoonyesha kwamba ikikomaa inaweza kupinda kati ya milimita 2.5 na 5 kwenye kipimo cha maabara kabla ya kuvunjika. S2 hufika milimita 5 na zaidi. Kwa porselini kubwa juu ya mbao, C2 S1 ndiyo ya chini kabisa ninayoikubali. Ukiona na herufi E, ina muda mrefu zaidi wa kupokea kigae baada ya kutandazwa, dakika 30, na itakufaa. Mfuko huo uwe pia umeandikwa kwamba unakubalika juu ya mbao, au juu ya mkeka utakaoutumia, kwani watengenezaji wa mikeka wana masharti yao. Gundi ya ndoo iliyokorogwa tayari usiiweke chini ya porselini kubwa, haina pa kutolea maji na inaweza kubaki laini kwa wiki nyingi.

Ikorogwe kwa maji yaliyopimwa, iachwe dakika 5 hadi 10, ikorogwe tena, ndipo itumike. Ikianza kukaza ndoo nzima inamwagwa. Kuongeza maji kunairudishia ulaini bila kuirudishia nguvu. Mwiko uwe wa meno ya milimita 10 au zaidi, matuta yote yaelekee upande mmoja, yasiwe ya kuzungushwa. Paka pia gundi nyembamba mgongoni mwa kila kigae kwa upande bapa wa mwiko. Tandaza ya kigae kimoja au viwili tu kwa wakati. Na mwambie fundi mapema, kwa heshima, kwamba utamwomba akinyanyue kigae cha kwanza, na kimoja tena kila baada ya vichache, mtazame mgongo pamoja. Fundi mzuri hachukii, wengi hufanya hivyo wenyewe.

Acha mwanya wa angalau milimita 6 pembeni kote ukutani, na usiujaze grauti. Utafunikwa na ubao wa pembeni au silikoni. Mlangoni, pale chumba kinapokutana na bafu, weka silikoni ya rangi ya grauti badala ya grauti, maana sakafu mbili hizo zinacheza tofauti. Chumba kikizidi mita 6 hadi 7.5 upande mmoja, kinahitaji mstari mwingine wa silikoni katikati, na mahali jua linapopiga sakafu moja kwa moja, kila mita 2.5 hadi 3.5. Chako kama hakifiki huko, pembeni na mlangoni panatosha. Usikanyage wala kupiga grauti kabla ya saa 24, na vitu vizito kama kabati vingoje zaidi, kama mfuko unavyoagiza.

Vigae vyako vya mlangoni, vile vyenye mgongo safi, vioshe tu kwa maji na brashi ngumu uvitumie tena. Vilivyoshikwa na gundi kavu vinaweza kusafishwa kwa patasi na subira, ingawa vyenye ukingo uliomegeka nisingehangaika navyo. Kile cha bafuni kiweke kando mpaka umpate aliyeweka mabomba, umwonyeshe ile ngozi ya mbao mgongoni mwake, na ajue anatafuta uvujaji upande gani kabla plaiwudi mpya haijashuka.